Ukienda Kwenye Maziwa ya Mlima Kenya, Uliza Kwanza Utalala Wapi

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa mtaa wa Buruburu, hapa Nairobi. Yeye na wenzake kumi wa chama chao cha akiba wamechoka kwenda Naivasha kula samaki kila mwaka. Safari hii wanataka kuyaona maziwa yaliyo juu ya Mlima Kenya, na ikiwezekana wafike Point Lenana wapige picha na bendera. Wana nafasi ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Swali lao ni moja tu: njia ipi iliyo fupi?

Hilo ndilo swali ambalo karibu kila mtu wa mjini huuliza, na ndilo linalowaponza wengi. Mlimani, njia fupi ndiyo inayokupandisha kwa haraka, na mwili wa binadamu haupendi kupandishwa haraka. Leo nataka tuzungumze jinsi ya kuchagua njia ya kwenda kwenye maziwa hayo, na jinsi ya kujiandaa.

Kwanza tuyafahamu maziwa yenyewe, maana wengi wetu tunaujua Mlima Kenya kwa vilele tu: Batian wenye mita 5,199, Nelion wenye mita 5,188, na Lenana wenye mita 4,985, ambao ndio pekee kati ya hivyo vitatu unaofikika kwa miguu bila kamba. Lakini mlima huu una maziwa na vidimbwi vingi. Zamani sana, barafu kubwa iliteremka kutoka vileleni ikiyakwangua mabonde kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Barafu ilipoyeyuka, mashimo yaliyobaki yakajaa maji. Ndiyo sababu ukiuzunguka mlima kule juu hutembei muda mrefu kabla ya kukutana na kidimbwi kingine: Hall Tarns upande wa mashariki, Teleki Tarn upande wa magharibi, na vingine vingi katikati yake.

Maziwa makubwa zaidi yako upande wa mashariki. Kuna ziwa Ellis, karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, lililo katika nyika pana ya nyasi na vichaka. Kaskazini yake liko ziwa Alice, lililojificha nyuma ya vilima. Kaskazini zaidi kuna Rutundu, ambako mwanamfalme William wa Uingereza na Kate Middleton walilala mwezi Oktoba 2010, katika safari ile ile aliyomposa. Na juu ya yote kwa uzuri, kwa maoni yangu, ni ziwa Michaelson. Liko karibu mita 4,000, chini kabisa ya bonde la Gorges, na limezungukwa na kuta za mawe zilizosimama wima. Maji yake ndiyo yanayoingia katika mto Nithi. Wengi wetu mto huo tunaujua kwa lile daraja la Nithi katika barabara ya Embu na Meru, ambalo kila dereva hulikaribia kwa hofu. Ni vyema siku moja tukaujua kule unakotoka.

Sasa turudi kwenye njia. Njia zinazotumiwa sana ni tatu: Naro Moru upande wa magharibi, Sirimon upande wa kaskazini magharibi karibu na Nanyuki, na Chogoria upande wa mashariki.

Naro Moru ndiyo ya haraka. Unalala usiku wa kwanza katika kituo kinachoitwa Met Station, mita 3,050. Kesho yake unapanda kwenye bonge la tope ambalo wazungu waliliita kinamasi kilichosimama wima, na usiku wa pili unalala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Umepanda zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja. Sirimon ni afadhali kidogo. Unalala kambi ya Old Moses, mita 3,300, halafu kambi ya Shipton, mita 4,200. Hizo ni mita 900. Chogoria ni ndefu zaidi, lakini tazama hesabu yake: usiku wa kwanza langoni, mita 2,950; usiku wa pili ziwa Ellis, karibu 3,500; usiku wa tatu ziwa Michaelson, karibu 4,000. Kila usiku unapanda kama mita mia tano tu.

Kwa nini mita mia tano? Waganga wanaoshughulikia magonjwa ya milimani wanashauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale alipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne alale mahali pamoja mara mbili. Angalia kwamba wanasema mahali pa kulala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukaona mandhari, mradi jioni urudi chini. Kwa hivyo unapoulizia safari, usianze kwa kuuliza ni kilomita ngapi. Chukua karatasi, uandike utalala wapi kila usiku na ni mita ngapi. Karatasi hiyo itakueleza zaidi kuliko tangazo lolote la kampuni ya utalii.

Pengine utajiuliza, kwani kuna nini huko juu? Hewa ya kule ina kiwango kile kile cha oksijeni kwa mia kama hewa ya Mombasa. Tofauti ni kwamba kule juu hewa haikukandamizwa, ni nyepesi, hivyo kila pumzi unayovuta inabeba kidogo. Tukisema Mombasa unapata mia kwa mia, hapa Nairobi unapata kadiri ya themanini na kitu. Ukifika mita 3,000 unapata kama sabini. Kambi ya Mackinder au ya Shipton ni kama sitini, na Lenana ni hamsini na tano hivi. Mwili unaweza kuzoea, maana huanza kupumua kwa kasi na kubadili mambo mengine ya ndani, lakini kazi hiyo inataka siku, si saa.

Usipoupa nafasi, unapata ugonjwa wa mwinuko. Huanza kama malaria au uchovu wa pombe: kichwa kinauma, chakula hakipandi, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi wa kukatika katika. Hapo wengi hukosea. Wanameza vidonge vya maumivu, wanaona haya kusema, wanaendelea. Maumivu ya kichwa yaliyo madogo si msiba. Unasimama hapo ulipo, hupandi tena mpaka yaishe, na mara nyingi huisha baada ya siku moja au mbili. Lakini kuna aina mbili ambazo huua. Moja ni ya ubongo: mgonjwa anachanganyikiwa, anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba kama mlevi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa, hapo hakuna mjadala. Ya pili ni ya mapafu: mtu anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, midomo inakuwa ya samawati, na mwishowe anatoa povu lenye wekundu. Dawa ya zote mbili ni kuteremka, usiku huo huo, kwa tochi, hata kama mvua inanyesha, na mgonjwa asiachwe ateremke peke yake. Kungoja kupambazuke kunaweza kumpoteza.

Lipo jambo ambalo vijana wetu hawataki kulisikia. Nguvu za mwili hazikukingi na ugonjwa huu. Mcheza raga anaweza kuanguka mahali ambapo mwalimu mwenye kitambi anaendelea polepole na fimbo yake. Tena naona mwenye nguvu yumo katika hatari zaidi, kwa sababu anaweza kukimbia, na anakimbia. Kuna vidonge vinavyosaidia mwili kuzoea, ambavyo jina lake ni asetazolamidi. Haifai kuvinunua tu dukani kwa kuwa rafiki alivitumia. Mwone daktari, umwambie una maradhi gani na dawa gani hukuzidhuru zamani, hasa zile za salfa. Wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, selimundu na wajawazito wamwone daktari kabla hata ya kulipa nauli.

Kwa hivyo jibu langu kwa wale wa Buruburu ni hili. Siku tatu hazitoshi kwenda Lenana. Zinatosha kwenda ziwa Ellis na kurudi, na hiyo si safari ya kuonea aibu. Ijumaa mnatoka Nairobi mapema kupitia Embu na Chuka mpaka mji wa Chogoria, mnapanda gari la kuvuta magurudumu yote manne kupita msituni mpaka lango la hifadhi, mnalala. Jumamosi mnatembea mpaka ziwani, mnapiga hema. Jumapili mnateremka. Mkiongeza siku ya nne, laleni Ellis mara mbili, na mchana wa katikati mwende ziwa Alice na kiongozi anayeijua njia, maana huko njia si wazi na ni mwendo wa kutwa. Mkitaka Michaelson na Lenana, tengeni siku tano au sita, mpande kwa Chogoria na kuteremkia Sirimon. Hapo mtakuwa mmeuvuka mlima kutoka upande hadi upande, na sijaona safari ya miguu nchini Kenya inayoipita hiyo.

Lakini lini? Ndugu msikilizaji, hapa kalenda yetu imetukosea. Mlima Kenya una majira mawili makavu: kuanzia katikati ya Januari hadi mwanzo wa Machi, na kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba. Sasa hesabu sikukuu ambazo mfanyakazi wa mjini hupata nafasi. Pasaka ni masika. Madaraka, tarehe 1 Juni, masika hayajaisha vizuri. Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, vuli imeanza. Jamhuri, tarehe 12 Desemba, vuli bado iko. Karibu kila wikiendi ndefu inaangukia kwenye mvua! Na upande wa Chogoria ndio unaopata mvua nyingi kuliko kaskazini, barabara ya msituni ikawa utelezi mtupu, gari likakwama mpaka liburutwe. Ombeni likizo mwezi Februari au Agosti. Mkubwa wa kazi akiuliza sababu, mwambieni ni hali ya hewa.

Hata majira makavu siku ya mlimani ina tabia yake. Alfajiri ni kweupe, kila kilele kinaonekana. Saa nne au saa tano asubuhi mawingu yanapanda kutoka msituni, na mchana huenda mvua au mvua ya mawe ikanyesha. Ndiyo maana watembezi huondoka mapema, na wanaokwenda Lenana huamka saa nane za usiku. Ukungu ukikukuta juu ya bonde la Gorges, mahali panapoitwa Temple, pa kulitazama ziwa Michaelson kutoka juu, usisogee ukingoni kutafuta picha. Chini yako kuna mamia ya mita za hewa tupu.

Nije kwenye mizigo. Baridi ya kule si ya Limuru. Usiku maji yanaganda ndani ya chupa. Adui mkubwa zaidi ya baridi ni maji, kwa sababu nguo iliyolowa hukuondolea joto mwilini hata kukiwa hakuna barafu. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba ziacheni nyumbani, maana zikilowa hazikauki mpaka urudi. Vaa nguo za sufu au za nailoni, moja juu ya nyingine, ili uweze kuvua moja ukipata joto kabla jasho halijakulowesha. Juu ya zote, koti la mvua na suruali yake. Kofia ya sufu inayofunika masikio, glavu, soksi za ziada, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi, kwa kuwa jua la kule huchoma hata mtu mweusi. Mfuko wa kulalia uwe ule wa baridi kali, na chini yake tandika godoro jembamba la sponji. Kila kitu kitie ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kukitia begini.

Si lazima ununue vitu hivi vipya. Nenda Gikomba au Toi siku wanapofungua marobota, utapata makoti na buti ambazo dukani zingekula mshahara. Ila buti za mitumba zikague. Kunja soli uone kama gundi imekauka, maana soli ikibanduka siku ya pili utatembea na kamba miguuni. Na usizivae mara ya kwanza mlimani. Zivae mwezi mzima, kazini, sokoni, kanisani ikibidi. Wikiendi panda nazo vilima vya Ngong, mita 2,460, au Longonot, mita 2,776, huku umebeba begi lile lile utakalobeba. Ukishuka ujue kucha za vidole zinagonga wapi.

Suala la kiongozi halina mjadala. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, haliruhusu mtu kupanda peke yake, na msituni kuna nyati na ndovu ambao hawakungoji upige kona. Malipo ya kuingia hufanywa kwa mtandao wa eCitizen, si kwa pesa taslimu, basi lipieni kabla hamjaondoka mjini, mkiwa bado na mtandao. Mchague kiongozi aliyesajiliwa, na kabla ya kukubaliana bei mwulize maswali mawili: tutalala wapi kila usiku, na mmoja wetu akiugua, nani atateremka naye? Kikundi cha watu kumi na mmoja kinahitaji viongozi zaidi ya mmoja, ili mmoja akishuka na mgonjwa wengine wasibaki yatima. Mtu anayekuahidi Lenana kwa siku mbili kwa bei ya chini anakuuzia kitu ambacho yeye hatakilipia.

Nao wapagazi tusiwasahau. Kuna dhana mjini kwamba mtu wa Chogoria au wa Naro Moru amezaliwa mlimani, hivyo haugui. Si kweli. Shamba lake liko chini kama mita elfu moja na mia tano au elfu mbili, mapafu yake ni kama yako, na huenda amevaa viatu vibovu kuliko vyako. Ulizeni kama ana hema, koti na blanketi kabla hamjaanza. Usimkabidhi mzigo ambao wewe mwenyewe huwezi kuunyanyua.

Kuhusu chakula, pikeni kile mnachokipenda, kwa sababu huko juu hamu hupungua na mwili unataka nguvu. Uji wa asubuhi, chapati, njugu, sukari guru, chai nyingi. Pombe iacheni. Maji ya maziwa yanaonekana safi kama kioo, lakini pimbi na watembezi wako hapo hapo, basi yachemsheni au muyatie dawa. Pikeni kwa jiko la gesi tu. Moto wa kuni kule kwenye nyasi ni hatari. Mwaka 2012, na tena 2019, moto uliteketeza sehemu kubwa za nyika ya juu, na ile miti ya ajabu yenye vichwa kama kabichi huchukua miaka mingi sana kukua. Choo kiwe mbali na maji, na takataka zote zirudi nanyi Nairobi.

La mwisho ni daftari la langoni. Mnapoingia mnajiandikisha, na mnapotoka mnaandika kwamba mmetoka, hata kama mnatokea lango jingine, hata kama dereva wa matatu anapiga honi. Askari wa hifadhi wanalitumia daftari hilo kujua ni nani bado yuko juu. Na kabla ya kuondoka nyumbani, mwachieni mtu mmoja ile karatasi niliyoitaja, yenye majina ya kambi na usiku wake, pamoja na namba ya kiongozi. Simu mlimani hushika mahali na mahali, betri nayo hufa upesi kwa baridi, hivyo ilazeni simu ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na mwili.